Kabla Hujanunua Injini Kuukuu ya Mashua

Mkulima wa Hindi au Magogoni akisha kuchuma maembe yake, kazi bado. Hana budi kuyafikisha gatini Mokowe, na mbele ya Mokowe ni maji, kwa maana mji wa Lamu uko kisiwani. Asiye na chombo hulipa kwa kila gunia na kila kikapu, tena hungoja mpaka mwenye chombo apate abiria wa kutosha. Embe halingoji. Wenzake wa Bonde la Lambwe wanaopeleka vyakula visiwani katika Ziwa Victoria wanaijua shida hiyo hiyo.

Kwa hiyo si ajabu kwamba kila mara mazao yakilipwa, wakulima hufika ofisini na swali moja: "Bwana karani, nimeonyeshwa injini ya mashua. Ni kuukuu, lakini bei yake rahisi. Niichukue?" Wengine wamekwisha toa arubuni, na hutaka tu kuambiwa kwamba wamefanya vyema. Basi mwezi huu tumeonelea afadhali kulieleza jambo hili kwa urefu, ili kila mmoja ajue la kutazama kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Tuanze na lililo kubwa. Bei ya injini kuukuu si ile atakayokutajia mwenye kuiuza. Bei yake ni hiyo pamoja na yote utakayoigharimia mpaka ifanye kazi msimu mzima bila kukuacha njiani. Injini uliyoipata kwa bei ya mbuzi wawili yaweza kumla ng'ombe kabla haijafika Lamu mara kumi. Na nyingine, ambayo rangi imebambuka na jina halisomeki, yaweza kukuhudumia miaka mingi. Anayetazama rangi hataiona tofauti hiyo.

ANZA KWA FUNDI, SI KWA INJINI

Wanunuzi wengi wakifikishwa mbele ya injini huvuta kamba, huisikia ikinguruma, na hapo hapo huhesabu noti. Sisi twasema: kabla hujakwenda kuiona, uliza jina lake, nguvu zake, na nambari zilizopigwa kwenye kibati chake. Yaandike hayo kwenye karatasi, uende nayo kwa fundi anayetengeneza injini za wavuvi, na kwenye duka la vipuri. Uliza maneno matatu tu: pampu ya maji ya injini hii ipo? Koili yake ipo? Rafadha yake ipo? Ukijibiwa "labda tuagize," jua kwamba siku injini itakapoharibika, mashua yako itakaa mchangani mpaka kifurushi kifike kutoka ng'ambo, na maembe yatakuwa yamekwisha oza.

Injini ya kufunga nyuma ya chombo si kitu cha jana. Ole Evinrude, aliyezaliwa Norwei na kukulia Marekani, alianza kuuza zake mwaka 1909 katika mji wa Milwaukee. Tangu wakati huo zimetengenezwa za namna nyingi sana, na nyingi kati ya hizo zimekufa majina huku vyuma vyake vikiwa hai bado. Hapo ndipo mtego ulipo.

Chukua Johnson na Evinrude. Zile za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa mashine imara, na ukiipata iliyotunzwa utaona jinsi bolti zake zilivyo nene. Lakini kampuni iliyozitengeneza, OMC, ilifilisika mwaka 2000, na walioirithi kazi hiyo, BRP wa Kanada, waliacha kutengeneza injini za Evinrude mwaka 2020. Vipuri vipo ulimwenguni, ila haviko Mokowe. Tena nyingi za miaka ya 1950 hazina pampu ya petroli. Tangi lake husukuma petroli kwa nguvu ya hewa, kupitia mpira wenye njia mbili, na tangi jingine lolote halifai. Anayekuuzia injini hiyo bila tangi lake amekuuzia nusu. Ugonjwa mwingine wa injini hizo ni koili: ganda lake hupasuka kwa uzee, na cheche hudhoofika. Hilo tutalirudia, kwa sababu ndilo linalowadanganya watu wengi.

Nyingine ni Seagull ya Uingereza, iliyokuwa ikitengenezwa mjini Poole. Hiyo ni injini ya mtu mvumilivu. Haina kifuniko, gurudumu lake la juu huzunguka wazi mbele ya macho yako, na nyingi huwashwa kwa kamba unayoizungusha kwa mkono kila mara. Nyingi hazina gia ya kurudi nyuma. Mwenye kanzu au leso akae mbali na gurudumu hilo. Uzuri wake ni kwamba mtu mwenye spana mbili na akili timamu aweza kuifungua yote mezani. Ubaya wake tutauona tukifika kwenye mafuta.

Za tatu ni Yamaha. Wajapani hao walitoa injini yao ya kwanza ya mashua mwaka 1960, na leo zile ziitwazo Enduro ndizo utakazoziona zaidi nyuma ya vyombo vya wavuvi wetu. Twaeleza hivi si kwa kumpigia debe mtu yeyote. Ni kwa sababu moja tu: injini ambayo jirani zako kumi wanaitumia ina fundi, ina vipuri, na ina jirani wa kukuazima plagi. Mwandishi wa makala haya angependelea Yamaha mbovu kidogo kuliko injini nzuri ya jina lisilojulikana na mtu.

UKUBWA USIOKUFAA

Baada ya jina, tazama nguvu. Wako wanaodhani kwamba injini kubwa hukimbiza kila chombo. Sivyo. Mashua nzito yenye tumbo, ambayo haiwezi kupanda juu ya maji, ina mwendo wake wa mwisho, na mwendo huo hutokana na urefu wake. Mashua ya futi 16 hivi, yaani karibu mita 5, ikifika kilomita 10 kwa saa imefika. Ukiifunga injini ya nguvu 25 za farasi badala ya 8, itainua pua, itazamisha nyuma na kupiga mawimbi makubwa, lakini hutawahi sokoni kwa dakika za maana. Utakachoongeza ni petroli.

Hesabu yake ni rahisi. Injini za namna ya zamani, zile zinazochanganywa mafuta na petroli, zikiendeshwa kwa nguvu zote hunywa kama nusu lita kwa saa kwa kila nguvu moja ya farasi. Basi ya nguvu 8 hunywa lita 4 kwa saa, na ya nguvu 25 hunywa lita 12 na zaidi. Chukua kalamu. Tuseme safari ya kwenda na kurudi ni saa moja, nawe huenda sokoni mara mbili kwa wiki. Kwa injini ya nguvu 8 hiyo ni lita 32 kwa wiki nne. Zidisha kwa bei ya petroli ya kituo chako. Kisha andika kando yake nauli unayolipa sasa kwa magunia yako kwa muda huo huo. Kama magunia yako ni manne tu kwa wiki, huenda ukaona kwamba nauli ni rahisi kuliko petroli peke yake, hata kabla hujainunua injini. Hapo afadhali majirani watatu au wanne waungane, wachange, na waandikiane nani atatia petroli na nani atalipa ikivunjika. Tumeona ushirika wa namna hiyo ukifa kwa kukosa karatasi moja.

Tazama pia urefu wa mguu. Injini nyingi zina mguu mfupi wa inchi 15 au mrefu wa inchi 20. Pima ubao wa nyuma wa mashua yako kwa kamba kabla hujaondoka nyumbani. Kile kibati cha bapa kilicho juu ya rafadha chapasa kuwa sawa na chini ya chombo, au chini yake kidogo kwa upana wa vidole viwili. Mguu ukiwa mfupi, rafadha itashika hewa na injini italia bure. Ukiwa mrefu mno, utakwaruza mchanga. Wanaokwenda Pate kwa njia ya Mkanda wanajua maji yakipwa kunabaki nini pale. Na kama chombo chako kina ncha mbele na nyuma, hesabu pia gharama ya kutengenezewa kishikio cha pembeni, cha mbao ngumu, kabla hujasema bei ni nafuu.

SIKU YA KUIJARIBU

Nenda asubuhi, na usimwambie mwuzaji saa utakayofika. Jambo la kwanza, weka kiganja juu ya kichwa cha injini. Ikiwa ina joto, mtu ameiwasha kabla hujafika, na aliyefanya hivyo ana sababu. Injini nzima huwaka ikiwa baridi. Omba ipoe, nawe ukae kivulini unywe maji.

Huku ukingoja, vuta kamba polepole bila kuwasha. Mkono wako usikie upinzani, kama kwamba kuna mtu ndani anayekataa, kisha aachie. Zikiwa silinda mbili, usikie upinzani mara mbili, na ulingane. Kamba ikivutika laini kama ya ndoo ya kisimani, ringi za pistoni zimekwisha, na hapo huna haja ya kuendelea na maneno mengine.

Fungua skrubu iliyo chini kabisa ya mguu, udondoshe mafuta kidogo kidoleni. Mafuta yakiwa meusi au ya rangi ya asali, sawa. Yakiwa meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia kwenye gia. (Seagull za zamani huingiza maji kidogo kwa maumbile yake, kwa hiyo hizo zisihukumiwe kwa jambo hilo peke yake.) Ukiona vipande vya chuma vinavyometa ndani ya mafuta, gia zinasagika.

Sasa tazama bolti. Injini iliyotoka ziwani na injini iliyotoka baharini si ndugu. Chumvi hushika chuma na alumini pamoja hata bolti isifunguke ila kwa kukatika, na hujaza njia za maji ndani usikokuona. Vichwa vya bolti vilivyoliwa na spana vinakueleza kwamba kuna fundi aliyekwisha shindwa hapa. Na ukikuta mchanga au tope kavu ndani ya kifuniko, chini ya gurudumu la juu, uliza waziwazi: iliwahi kuzama? Injini iliyozama na kufunguliwa siku ile ile yaweza kupona. Iliyozama ikaachwa wiki nzima ufukweni ni chuma chakavu hata kama leo inawaka.

Ikisha poa, iwashwe. Hapa wauzaji wengi watakuletea pipa la maji.

"Mzee, si unaisikia? Hii ni ya Mzungu, haijui kufa."

"Naisikia, mwanangu. Sasa tuitie kwenye mashua."

"Mashua ya nini tena, Mzee? Pipani si maji?"

"Pipani haina mzigo. Mimi sendi Lamu kwa pipa."

Mzee huyo ana haki. Pipa litakuonyesha kwamba pampu inavuta maji, basi. Injini nyingi hutema mchirizi wa maji kwenye tundu la pembeni. Zile za zamani sana hazina mchirizi huo, na maji hutoka nyuma ya mguu pamoja na moshi. Yasipotoka, zima mara moja, kwa kuwa ndani ya pampu mna gurudumu dogo la mpira ambalo hukatika upesi likizunguka kavu. Usikubali kamwe injini iwashwe nchi kavu "kidogo tu." Kidogo hicho ndicho kinachoua pampu, nawe ndiwe utakayeinunua nyingine.

Kwa hiyo nendeni majini, pamoja na makasia, na iendeshwe nusu saa kwa mzigo na kwa nguvu zote. Baada ya robo saa dondoshea matone ya maji juu ya kichwa cha silinda. Yakichemka na kuruka, inapata joto kupita kiasi, na njia za maji zimeziba. Ikifika nusu saa, izime. Ngoja dakika kumi. Kisha iwashe tena.

Jaribio hilo la mwisho lina thamani kuliko yote yaliyotangulia. Koili iliyopasuka hutoa cheche nzuri ikiwa baridi, na ikipata moto hunyamaza mpaka ipoe. Pistoni iliyokwaruzika hubana ikipata moto. Injini ya namna hiyo itawaka kila asubuhi mbele ya mnunuzi, itakupeleka mpaka katikati ya mkondo, kisha itazimika na kukataa, nawe uko na magunia, na mkondo unatoka nje. Mwuzaji asiyetaka ungoje dakika kumi hizo anajua analolijua.

KARATASI

Injini za mashua huibwa sana, hasa katika Ziwa Victoria, kwa sababu mtu mmoja aweza kuibeba begani usiku. Tafuta kibati cha nambari kwenye kishikio. Kikiwa kimeng'olewa, au nambari zimepigwa tupa, rudi nyumbani na fedha zako. Ikiwepo, mwuzaji aiandike nambari hiyo kwenye hati ya mauzo pamoja na jina lake, namba ya kitambulisho na tarehe, na mashahidi wawili watie sahihi. Ufuko ukiwa na kamati ya usimamizi, ile ambayo wengi wanaijua kwa jina la BMU, katibu wake aonyeshwe hati hiyo. Kamati hizo zilipewa kanuni zake mwaka 2007, na mara nyingi ndizo zinazojua chombo gani kimeibiwa wapi. Ukikutwa na mali ya wizi utaipoteza hata kama uliilipia kwa jasho la simsim na korosho, na maelezo utayatoa polisi.

MAFUTA

Turudi sasa kwenye ubaya wa Seagull tulioahidi. Injini hizi hupakwa mafuta kwa yale yaliyochanganywa ndani ya petroli, lakini kipimo si kimoja kwa zote. Nyingi za sasa zataka sehemu 1 ya mafuta kwa sehemu 50 za petroli. Johnson na Evinrude nyingi za kabla ya mwaka 1964 zataka 1 kwa 24. Seagull nyingi za zamani zataka 1 kwa 10. Sasa tuseme umetumia lita 30 za petroli kwa mwezi. Kwa injini ya kwanza utanunua mafuta mililita 600. Kwa ya pili, lita 1 na robo. Kwa ya tatu, lita 3 nzima. Na mafuta hayo kwa lita ni ghali kuliko petroli. Hiyo ndiyo bei ambayo mwuzaji haitaji. Wako wanaoipunguza kwa kutia kipimo cha 1 kwa 50 ndani ya injini ya 1 kwa 10, na huiona ikienda vizuri, bila moshi, kwa siku kadhaa. Kisha hushikana ndani, na hakuna fundi wa kuiachanisha kwa bei ndogo. Andika kipimo cha injini yako kwa rangi juu ya tangi lenyewe, ili hata kijana utakayemtuma asikosee.

Ukitoka baharini, kila siku, itie injini ndani ya pipa la maji matamu na uiendeshe dakika tano mpaka chumvi itoke. Katika kisanduku cha mashua weka plagi mpya iliyofungwa kwa nailoni, spana yake, kamba ya kuwashia, koleo, na pini za rafadha zisizopungua tatu. Pini hiyo imefanywa laini makusudi, ili rafadha ikipiga mwamba au gogo, ikatike yenyewe kuliko gia. Wengine huitoa na kutia msumari mgumu, wakijisifu kwamba sasa haikatiki. Kweli haikatiki. Hukatika gia.

Na injini ifungwe kwa mnyororo au kamba ngumu kwenye mbao za chombo, kwa kuwa vishikio hulegea kwa mtikiso, na iliyoanguka kwenye kina haipatikani. Makasia na tanga visiachwe nyumbani kwa sababu sasa una mashine, nanga iwe na kamba ya kutosha, na kila aliyemo awe na jaketi la kuokolea. Katika miezi ya kusi, hasa Juni na Julai, injini ndogo yenye mzigo haiwezi kushindana na upepo na mkondo kwa pamoja. Siku hizo peleka magunia nusu, uondoke maji yakiwa yametulia, na nusu nyingine ifuate safari ya pili.